Rimu pana za Mazda MX-5 ya kwanza: 15x7, 15x8, 15x9 au inchi 16?

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza ndiyo ile yenye taa za kuchomoza, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997. Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ilitoka kiwandani na rimu nyembamba za inchi 14 kwa 5.5 (kipenyo kwa upana), ofseti (tutaieleza hapa chini) ya milimita 45, tairi 185/60R14, yaani upana milimita 185, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Ukiiona leo katikati ya magari mapya inaonekana kama imevaa viatu vya mtoto, na ndiyo maana karibu kila anayeinunua hufikiria rimu pana kabla hata ya kubadilisha oili.

Lakini gari hili lina uzito wa kilo 1,000 hivi, na injini ya lita 1.6 hutoa nguvu farasi 115 hadi 120 tu. Halina nguvu za ziada za kuburuta tairi kubwa. Kila milimita ya upana unayoongeza lazima ilipe: kwa mshiko, kwa breki, au kwa urahisi wa kupata tairi. Isipolipa, umenunua uzito, usukani mzito na fenda inayoliwa.

Ushauri wetu kwa wengi ni 15x7 yenye ofseti kati ya 25 na 35, na tairi 195/50R15. Wapo ambao jibu lao ni tofauti, na kwao ndio ulinganisho huu ni wa lazima zaidi.

Namba zilivyo

Rimu ya MX-5 ina matundu manne kwenye duara la milimita 100 (4x100), tundu la kati milimita 54.1, na stadi (boliti za kufungia gurudumu) za M12 zenye hatua ya uzi 1.5. Kwa rimu ya matundu manne kupima ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Ukipata 114.3, iache hapo dukani. Haiingii, na asikudanganye mtu kwamba nati zitaivuta.

Ofseti, ile namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu, ni umbali wa milimita kutoka mstari wa katikati wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kwenye springi. Ikiwa ndogo, linatoka nje kwenye fenda. Hesabu yake ni hii: nusu ya upana wa rimu kwa milimita, jumlisha ET, unapata upande wa ndani, nusu ya upana toa ET, unapata upande wa nje. Inchi moja ni milimita 25.4. Fanya hesabu hiyo kwa rimu ya zamani na kwa mpya, kisha toa. Jedwali hili limefanya kazi hiyo. Namba za "ndani" na "nje" ni milimita ambazo ukingo wa rimu unasogea ukilinganisha na rimu ya kiwandani.

| Rimu | Tairi | Kipenyo cha tairi | Tofauti | Ndani | Nje |
|---|---|---|---|---|---|
| 14x5.5 ET45 | 185/60R14 | 578 mm | – | – | – |
| 15x6 ET45 | 185/55R15 | 585 mm | +1.2% | +6 | +6 |
| 15x7 ET35 | 195/50R15 | 576 mm | −0.3% | +9 | +29 |
| 15x7 ET25 | 195/50R15 | 576 mm | −0.3% | −1 | +39 |
| 15x8 ET25 | 205/50R15 | 586 mm | +1.5% | +12 | +52 |
| 15x9 ET36 | 225/45R15 | 584 mm | +1.0% | +35 | +53 |
| 16x7 ET35 | 205/45R16 | 591 mm | +2.3% | +9 | +29 |
| 17x7 ET35 | 215/40R17 | 604 mm | +4.5% | +9 | +29 |

Tazama safu ya kipenyo kwanza. Gari lenye tairi za 604 mm linapoonyesha kilomita 100 kwa saa, kwa kweli linakwenda karibu 104.5. Na kwa kuwa tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, ni kama umerefusha gia zote kwa asilimia hiyo hiyo. Injini ya 1.6 huisikia hasara hiyo kila unapotoka kwenye kona.

15x7: kwa nini inashinda mara nyingi

Tairi la 195/50R15 lina kipenyo kile kile cha kiwandani, tofauti yake ni milimita moja na nusu tu. Spidomita haidanganyi, gia zinabaki zilivyokusudiwa, na ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 111 hadi 97.5. Upungufu huo unatosha kuondoa ule ulegevu wa tairi la zamani unapogeuza usukani ghafla, lakini bado kuna mpira wa kutosha wa kupokea tuta. Rimu ya inchi 7 ni ukomo wa juu wa upana unaoruhusiwa kwa 195/50 (5.5 hadi 7.0), kwa hiyo ubavu unasimama wima na tairi halijikunji kwenye kona.

Ukichagua ET35, gurudumu linabaki limeingia kidogo ndani ya fenda na hakuna kitu cha kukunja wala kukata, hata gari likiwa limeshushwa kiasi. ET25 inalisogeza nje sentimita moja zaidi. Inapendeza machoni na inapanua nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, ila kwenye gari lililoshushwa sana tairi la nyuma linaweza kugusa mdomo wa fenda ukiingia shimoni umebeba mtu na mzigo. Kwa gari la urefu wa kawaida, zote mbili zinakaa vizuri.

Uzito nao usiusahau. Rimu za aloi za kiwandani za inchi 14 ni nyepesi, chini ya kilo 6 kila moja. Rimu nzuri ya 15x7 inaweza kuwa nyepesi kuliko hizo. Rimu rahisi ya kuigiza inaweza kufika kilo 8 au 9. Uzito huo uko chini ya springi na unazunguka. Shokamzoba za gari la miaka thelathini hazina uwezo wa kuutuliza, na gari linaanza kurukaruka kwenye lami mbovu. Nenda dukani na mizani ya kuning'inizia mizigo, pima rimu kabla ya kulipa. Rimu nzito ya 15x7 ni mbaya kuliko ile ya kiwandani unayoivua.

15x8 na 15x9: kwa anayekwenda kwenye mbio

Hapa mshiko unaongezeka kweli, hasa ukitumia tairi laini za michezo. Tairi la 205/50R15 kwenye 15x8 linatanuka, ubavu wake hauyumbi, na usukani unajibu papo hapo. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba kipimo rasmi cha 205/50 kinaishia rimu ya 7.5. Wapenzi wa mbio hulifunga kwenye 8 na linakaa, lakini ukingo wa rimu unabaki wazi. Jiwe au ukingo wa barabara unaligusa aloi moja kwa moja, si mpira. Vivyo hivyo 225/45 kwenye 15x9, kwani kipimo chake kinaishia 8.5. Na tairi la 225/45R15 ni la watu wa mashindano, aina zake ni chache. Likipasuka safarini usitarajie kulipata mjini jirani.

15x8 ET25 inatoka nje zaidi ya sentimita 5. Nyuma, mdomo wa ndani wa fenda utakunjwa, hakuna njia ya kukwepa kwenye gari lililoshushwa. 15x9 ET36 inatoka nje karibu sawa na hiyo, ila pia inaingia ndani sentimita tatu na nusu. Kabla ya kuendesha, kata usukani mpaka mwisho kila upande na uangalie nafasi kati ya tairi na stabilaiza, na kati ya tairi na mikono ya sasipenshoni. Isipofika angalau milimita 5, itagusa ukiwa barabarani, kwa sababu bushi za zamani hujongea.

Gari lisilo na usukani wa pawa, na ziko nyingi katika kizazi hiki, linakuwa gumu kuegesha. Si kwa upana wa tairi pekee. Ofseti ndogo inalisogeza tairi mbali na mhimili wake wa kugeukia, kwa hiyo kila mfereji wa lami unauvuta usukani mkononi, na beringi za mbele zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Beringi ya mbele ya MX-5 huuzwa pamoja na habu yake nzima. Itie kwenye bajeti.

Kwa gari la kwenda kazini na safari za mwisho wa wiki, hatushauri 15x9. Ni chombo kizuri mahali pake, na mahali pake ni uwanjani.

Kukunja mdomo wa fenda bila kuharibu gari

Kazi hii inaharibiwa mara nyingi, hivyo inafaa kuelezwa kwa kirefu. Mdomo wa fenda ya nyuma ni bati mbili zilizounganishwa, ya nje na ya ndani, katikati yake kuna gundi ya kuzuia maji. Ukiikunja kwa pupa, rangi inapasuka nje na gundi inapasuka ndani. Kutu itaanza mahali usipopaona. MX-5 tayari ina udhaifu wa kutu kwenye kizingiti cha chini ya mlango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Usiipe mlango wa pili. Kwa magari yanayokaa pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hili si jambo dogo.

Toa gurudumu, osha tope lote ndani ya mdomo, kisha kagua kama bati bado ni zima. Ikiwa kutu imeshaingia, tengeneza kwanza. Funga kwenye habu kile chombo chenye roli kinachotumia stadi za gurudumu. Pasha rangi kwa feni ya moto mpaka iwe moto kiasi cha kutovumilika kuishika, na uendelee kuipasha muda wote wa kazi. Peleka roli mbele na nyuma kwa shinikizo dogo, ongeza kidogo, rudia. Mizunguko kumi ya taratibu ni bora kuliko miwili ya nguvu. Rungu la besiboli linalosukumwa kati ya tairi na fenda ni njia ya mkato inayopinda fenda nzima, liache. Ukimaliza, paka gundi mpya ya bodi kwenye mshono, halafu rangi, halafu nta ya kuzuia kutu.

Mbele mara nyingi si mdomo unaogusa bali pale fenda inapokutana na bampa: kuna kipande cha bati na skrubu ya plastiki ya ndani ya fenda. Tairi pana likigeuka huku sasipenshoni imebonyea huipata skrubu hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Isogeze au ikate kichwa chake.

Inchi 16 na 17

Sababu nzuri ya kuchukua 16x7 ni moja: pale unapoishi, tairi nzuri za inchi 15 za vipimo hivi hazipatikani, na 205/45R16 zinapatikana. Kwa sura nayo inakaa vizuri. Ubavu wake ni milimita 92, mgumu kidogo kuliko 195/50 lakini unavumilika kwenye lami nzuri. Gharama yake ni uzito na kipenyo kilichozidi asilimia 2.3. Breki si sababu ya kwenda huko. Diski za mbele za kiwandani ni milimita 235 kwenye gari la 1.6 na 255 hivi kwenye 1.8, na zinaingia hata ndani ya rimu za inchi 14.

Inchi 17 hatuipendekezi kabisa kwa gari hili. Ubavu wa milimita 86, rimu nzito, gia zilizorefushwa, na barabara zenye matuta na mashimo hazisamehe. Rimu hupinda, tairi hutoa uvimbe ubavuni, na bodi ya gari lisilo na paa la chuma hutetemeka mpaka dashibodi inalia.

Anayenunua Afrika Mashariki

Hapa kuna habari njema na mtego ndani yake. Toyota Vitz, IST na Corolla nyingi, pamoja na Mazda Demio, zina 4x100, tundu la kati 54.1 na stadi za M12x1.5, sawa kabisa na MX-5. Rimu za mtumba za magari hayo zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, na zinaingia bila ringi ya kati (ile inayojaza nafasi kati ya tundu la rimu na habu). Ofseti zake huwa karibu na 39 hadi 45, kwa hiyo 15x6 ya aina hiyo inaingia kabisa bila kugusa chochote. Ikivalishwa 185/55R15, saizi ya kiwandani ya Demio ya inchi 15, unapata seti rahisi na tairi utakayoipata popote. Haiongezi mshiko mwingi, lakini kwa gari la kila siku ni suluhisho la heshima, na tungeichukua mbele ya 17 yoyote.

Mtego ni nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati yenye shina na washa bapa. Rimu za Honda hutumia kiti cha mviringo kama nusu mpira. Nati za MX-5 na za rimu nyingi za kununua baadaye zina koni ya digrii 60. Nati ya koni kwenye kiti kisichokuwa chake hugusa kwenye ukingo tu. Utaikaza na itaonekana imekaza, lakini baada ya kilomita chache imelegea. Nunua rimu pamoja na nati zake. Rimu za Honda Fit zina tundu la kati la 56.1, hivyo zinahitaji ringi ya kutoka 56.1 kwenda 54.1, la sivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo mkubwa hata baada ya kufanya balansi.

Mtego wa pili ni saizi. 195/65R15, tairi linalouzwa kila kona kwa ajili ya Premio na Allion, lina kipenyo cha milimita 634.5, karibu asilimia 10 juu ya la MX-5. Fundi atakwambia "ni 195, ni 15, linaingia." Linaingia kwenye rimu, halifai ndani ya fenda. 195/55R15 (milimita 596) linawezekana kwenye gari la urefu wa kawaida.

Tairi la mtumba lenye kashata nene linaweza kuwa limekauka. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita usilifunge kwenye gari la michezo, hata kama linaonekana jipya.

Spesa

Wengi hununua rimu za ET45 kisha hutafuta spesa, yaani bamba linalowekwa kati ya habu na rimu, ili kuzitoa nje. Spesa ya kuchomeka tu, hata ya milimita 5, inakula uzi wa stadi. Kanuni ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi, yaani milimita 12, na kwa hatua ya 1.5 hiyo ni mizunguko 8 kamili. Ihesabu kwa mkono. Ikipungua, weka stadi ndefu. Spesa zenye stadi zake zenyewe ni salama zaidi zikiwa nene ya kutosha, milimita 20 kwenda juu, ili stadi za asili zisitokeze na kuizuia rimu kukaa bapa. Lakini bei ya spesa nne nzuri karibu inafika nusu ya bei ya rimu zenye ofseti sahihi, na spesa huongeza uzito bila kuongeza upana.

Kabla ya kununua, na siku ya kufunga

Azima rimu moja ya kipimo unachotaka, hata kama ni mbovu. Ifunge nyuma, toa springi ya upande huo au ibonyeze sasipenshoni kwa jeki chini ya habu mpaka ifike kwenye raba yake ya mwisho. Bandika vipande vya udongo wa mfinyanzi ndani ya fenda na kwenye mkono wa juu. Vitakavyosagika vitakuonyesha hasa mahali pa kugusa. Mbele rudia huku usukani umekatwa mwisho.

Rimu pana zinahitaji alaimenti mpya (kupanga upya pembe za magurudumu), na MX-5 ina boliti za kurekebishia pembe hizo kwenye mikono ya chini pembe zote nne, kwa hiyo huhitaji kununua kitu. Kwenye gari la zamani boliti hizo huganda ndani ya bushi. Zimwagie oili ya kulegeza siku mbili kabla, kwani zikikatika kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Kwa barabara, mbele weka kamba (camber, mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje) ya digrii −1.0 hadi −1.5, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeukia kuelekea nyuma) karibu digrii 5, tou (magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele) sifuri. Nyuma kamba ya −1.5 hadi −2.0 na tou ya ndani kidogo. Kamba hiyo ya nyuma pia inasogeza kichwa cha tairi mbali na mdomo wa fenda, na kwa 15x8 mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kugusa na kutogusa.

Upepo: kibandiko cha gari kinasema psi 26, na watu wa vituo vya mafuta hujaza 35 bila kuuliza. Kwa 195/50R15 anza na 26 hadi 28 tairi likiwa baridi. Likijazwa 35 gari jepesi kama hili linadunda na kuteleza, na mpira unaisha katikati. Ukiona linaliwa kingo zote mbili, ongeza psi 2.

Nati zikaze kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu, kati ya Nm 88 na 118. Nm 100 inatosha. Usipake grisi kwenye uzi, kwa sababu grisi hufanya kipimo kile kile kivute stadi kupita kiasi. Aloi mpya hujikaza kwenye habu safari ya kwanza, kwa hiyo rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa.